Kahawa Iliyofichwa Lahdenpohja

Oskari Kuisma alikuwa na wivu tangu utotoni, na kufa kwake kusitufanye tumpake asali. Alimwonea kaka yake wivu kwa ajili ya mashua, jirani kwa ajili ya nyavu, hata mchungaji wetu kwa sauti yake ya kuimbia. Lakini hayo yote yalikuwa manyunyu. Mvua yenyewe ilimnyeshea kiangazi cha mwaka 1942, Waitaliano walipoleta boti zao ziwani kwetu, Ladoga.

Zilikuwa boti nne nyembamba, kila moja na torpedo mbili, makombora ya majini, ubavuni. Zilisafirishwa nchi kavu kutoka bahari yao hadi Lahdenpohja, na zilipowashwa, vioo vya nyumba za bandarini vilitetemeka. Kazi yao ilikuwa kuwinda matishari ya Warusi yaliyovuka upande wa kusini wa Ladoga, yakipeleka unga na risasi kwenye mji wao uliozingirwa na kushikwa na njaa. Habari ya ule unga hatukupenda kuizungumza mezani.

Sasa, boti inayokimbia namna ile na ziwa lenye miamba kama letu haviwezi kupatana bila mshenga. Wakatafuta mvuvi anayeijua miamba kwa majina, wakaonyeshwa Oskari. Akawa rubani wao. Mzee wa miaka hamsini na ushei, aliyezoea makasia, akasimama kando ya usukani wa chombo kinachoruka juu ya maji, akinyoosha mkono kushoto au kulia, na maofisa wenye vifungo vya dhahabu wakamtii. Kwa majuma machache hapakuwa na mtu mwenye furaha kumshinda katika jimbo letu zima la Karelia, ingawa usoni usingejua.

Nyumbani kwake hakukuwa na nyumba. Katika vita vya kwanza na Warusi, miaka miwili nyuma, tulikimbia, na tuliporudi, Oskari na mkewe Saimi walikuta bomba la moshi limesimama peke yake kwenye majivu, na chini karibu na maji sauna yao, kijumba cha kuogea kwa mvuke, nzima. Wakahamia saunani. Mtoto wao wa pekee, Reino, alikuwa jeshini kwenye mto Svir. Ili wapate cha kujengea, Saimi akaanza kuwafulia Waitaliano, akichemsha nguo zao kwenye pipa pale ufukweni.

Aliyeleta kapu la nguo ni Nevio, fundi wa injini wa boti ileile ya Oskari. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye meno mazuri, na baridi ya Ladoga ilimtesa hata mwezi wa saba. Maneno ya lugha yetu aliyokuwa ameokota yalijaa kiganja kimoja, na hakuona haya kuyatumia yote.

"Saimi mzuri. Mkono mzuri. Shati mzuri," alisema akitua kapu.

"Na wewe mwongo mzuri," Saimi akamjibu, akacheka.

Oskari alikuwa ndani akinoa kisu. Alikitambua kile kicheko. Ni kwa ajili ya kicheko hicho alioa. Hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho. Hakutoka nje. Mwanamume wa kwetu hasemi, humeza, na alichomeza humkaa tumboni kama mkate usioiva.

Bandarini alikuwapo Iivari, mfunga kamba za boti, rafiki yake tangu shuleni, mwenye ulimi usiojua likizo.

"Oskari, ndugu yangu, mbona siku hizi kwako kunapita watu wenye mafuta ya nywele?"

"Wanaleta nguo."

"Nguo, eh? Mke wangu angesifiwa hivyo, mimi ningelala nimeupiga mlango misumari."

"Wako nani atamsifu?"

"Ndiyo maana napata usingizi."

Mwezi wa nane boti yao ilitoka, ikajificha kati ya visiwa ikingoja. Kulipopambazuka wakaona moshi: tishari, na meli ya kulisindikiza. Torpedo ya kwanza ikapita kando, ya pili ikalipata tishari, na ile meli ikaanza kuwamiminia mizinga. Hapo ndipo injini ilipokohoa ikazima. Nevio alikuwa kule chini, mikono yake ndani ya mafuta yanayounguza, na akaiwasha. Oskari akawapitisha katikati ya miamba miwili, mahali ambapo meli isingethubutu kufuata. Walipotoka salama, ofisa wao akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, shavu la Oskari likagusana na shavu la Nevio lenye masizi. Adui akiwa mwoga, wivu hupata nafuu, maana walau unamdharau. Huyu hata hiyo nafasi hakumpa.

Kisha Nevio akavua viatu akamue maji, na Oskari akaona soksi. Zilikuwa za kijivu, na juu zilikuwa na mistari miwili myekundu. Kwetu kila nyumba ina mstari wake, na mwanamke huufuma kwa watu wake tu, mume na watoto, basi. Mistari miwili myekundu ni ya akina Kuisma. Oskari mwenyewe alikuwa amevaa zilezile.

"Soksi nzuri," Nevio akasema, akimnyooshea mguu kwa furaha. "Joto."

Oskari akayatazama maji mpaka bandarini.

Juma hilohilo akanusa kahawa. Tangu vita vianze, tulichokiita kahawa kilikuwa rai, nafaka ya mkate wetu mweusi, iliyokaangwa ikaungua. Ladha ya ile ya kweli tulikuwa tumeisahau, lakini harufu yake mtu wa kwetu haisahau hata kaburini. Nayo ilikuwa kwenye kitambaa cha kichwa cha Saimi.

"Ningepata kahawa ya kweli leo," Oskari akasema wakila asubuhi, akimchungulia usoni.

Saimi akaacha kukata mkate. "Bora tusiwe na haja nayo, baba," akasema, akageukia jiko.

Mwenye wivu hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Saimi alipoenda ufukweni, Oskari akapekua. Chini ya benchi la sauna, nyuma ya vifurushi vya matawi ya kujichapia mwilini wakati wa kuoga, akapata kopo limejaa buni iliyokaangwa na kusagwa. Lilikuwa limefungwa kwa tai nyeupe, ile aliyovaa Reino siku ya kipaimara. Wivu una macho makali, ila huona upande mmoja. Kopo aliliona. Tai aliitupa sakafuni.

Mabaharia walikuwa wakila gatini. Njia nzima Oskari alikuwa ameiandaa sentensi yake, nzito, ya kumaliza mambo mbele ya watu. Alipofika haikutoka. Akaliweka kopo mbele ya Nevio kwa kishindo. Waitaliano wakafungua, wakanusa, wakashangilia, wakidhani rubani wao amewaletea zawadi. Sufuria ikapanda motoni. Nevio peke yake hakufurahi. Alilifunika kopo kwa kiganja.

"Hapana," akamwambia Oskari. "Soksi, mimi. Kahawa, Saimi. Hii ya Saimi."

Jina la mkewe, mara mbili, katika kinywa kile. Damu ikampanda Oskari. Akauondoa ule mkono, akaimimina kahawa yote sufuriani, akagonga kitako cha kopo isibaki hata chembe.

"Yote?" Iivari alikuwa ameifuata harufu. "Oskari, hata harusi ya tajiri hawamwagi hivyo."

Walikunywa wote isipokuwa Nevio. Oskari alikunywa vikombe vitatu akimkodolea macho, na tuseme ukweli, hakuwahi kunywa kitu kitamu kama kile. Kila funda lilikuwa kofi analompiga yule mtu bila kumgusa.

Alirudi nyumbani anatembea kama kijana. Kwenye mti wa mbetula karibu na njia akaiona baiskeli ya mchungaji imeegemezwa. Miaka ile mchungaji hakuja kwa mtu kupiga soga; alileta majina ya waliokufa vitani. Wanawake wakimwona barabarani waliingia ndani, wakashika kitasa cha mlango mpaka apite. Hapa hakuwa amepita.

Mchungaji alisimama nje ya sauna, kofia mkononi. Ndani Saimi alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, majani makavu yametapakaa sakafuni, na mkononi ameishika ile tai.

"Baba," akasema. "Reino wetu. Wanamleta Jumamosi."

Oskari akamwinua, akamkumbatia, na Saimi akalia usoni pa mumewe, akivuta pumzi ndefu kwa kwikwi. Mara akanyamaza. Akavuta pumzi tena, polepole, karibu na mdomo wa Oskari.

"Ni wewe," akasema.

"Nilidhani…"

"Najua ulidhani nini. Alitaka soksi kama zako, akatoa kopo zima. Kwa kopo zima ningemfumia hata shuka. Ilikuwa ya Reino. Akirudi anatembea, ningemchemshia yeye. Akirudi amelala, wangenywa watakaomzika, wasiseme mwanangu alizikwa kwa maji ya rai. Ningekuambiaje? Jambo kama hilo ukilitaja, umeliita."

Saimi akaikunja ile tai mkononi.

"Umekunywa vingapi?"

"Vitatu."

"Ilikuwa nzuri?"

Mtu yule ambaye maisha yake yote alimeza maneno, hilo moja hakuweza kulimeza.

"Ilikuwa nzuri," akasema.

Jumamosi wazikaji walikunywa rai iliyoungua kwa vikombe vya kuazima, na kwa heshima hakuna aliyekunja uso. Nevio alikuja na kofia kifuani. Saimi akampa kikombe kama wengine, naye akakimaliza. Kabla barafu haijashika ziwa Waitaliano wakaondoka, na miaka miwili baadaye tukawakimbia Warusi tena, safari hii bila kurudi.

Oskari na Saimi walipewa kishamba mbali upande wa magharibi, wakazeeka huko pamoja. Hawakugombana. Kahawa iliporudi madukani, Saimi alimchemshia mumewe kila asubuhi, akammiminia, akamsogezea na maziwa. Kisha alichukua kikombe chake, akaenda kukaa nje kwenye ngazi, mvua au theluji, akanywa huko. Oskari alikunywa ndani akiutazama mgongo wake dirishani, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anazionea wivu zile ngazi.