Mistari ya Mkaa ya Nyanjige

Kule Kimali yupo mama anaitwa Nyanjige, mjane wa Luhende. Ukame ulipowamalizia ng'ombe, alibaki mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, akilala katika zizi la shemeji yake Bujiku, ndugu wa Luhende. Luhende naye hakukaa sana. Siku zake za mwisho alimwambia mkewe, wakiwa wawili tu, "Huyu mpandishe mbegu ya kisasa. Azae jike la maziwa, upone nalo."

Mwaka huu, asubuhi moja, ng'ombe akaingia joto, akaanza kulia na kuwapanda wenzake. Nyanjige akampigia Ngeleja, mhimilishaji, mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mtungi. Jioni Ngeleja akafika na pikipiki, mtungi wa mbegu umefungwa nyuma, akavaa glavu yake ndefu, akamaliza kabla chai haijapoa.

"Sasa mayu, yangu nimemaliza, yamebaki yako," akamwambia yule mama. "Mfunge kivulini, maji asikose. Dume asimsogelee, joto bado halijamtoka. Asikimbizwe, asichapwe, asitembezwe mbali juani. Kuanzia siku ya kumi na nane mtazame asubuhi na jioni. Zikipita ishirini na nne kimya, nitakuja baada ya miezi mitatu kumpima mimba."

"Na akilia tena?"

"Unanipigia siku hiyohiyo. Tunarudia."

Nyanjige akachora mstari wa mkaa nyuma ya mlango, siku ya kwanza. Fimbo za pale nyumbani akazichomeka juu darini.

Mistari ilifika mitano tu, jamani. Bujiku akaja na wanaume wawili. Mwanawe Fredrick alikuwa anaoa kule Lagangabilili, na katika ng'ombe wa mahari mmoja alikuwa ameamka amekufa.

"Wakwe wanatungoja, shemeji. Huyu wa marehemu ndugu yangu ataziba pengo. Mvua zikija nitakupa mwingine."

"Shemeji, ana mbegu, siku ya tano leo. Mngoje mwezi mmoja. Au apakiwe kwenye gari, asitembee."

Wanaume wakacheka. "Mahari ipakiwe kwenye lori kama marobota ya pamba? Watasema tumeiba."

"Siku tano," akadakia mwingine. "Mayu, hiyo mimba hata yenyewe haijajijua."

Lile neno la Luhende likamfika mdomoni, akalimeza. Angemtaja shahidi gani?

Basi akafanya alichoweza: akajitwisha ndoo ya maji, akafuata. Siku mbili alitembea ubavuni mwa ng'ombe wake, na kila fimbo ilipoinuliwa alijiingiza katikati. Moja ilimpata begani, mwenye fimbo akaomba radhi. Walipofika ukweni akamwona dume mnene zizini, akamsihi Wilhelmina, mama wa bibi harusi, amfunge mwekundu peke yake. Wilhelmina akashangaa, lakini akakubali.

Nyanjige akarudi nyumbani, akaendelea kuchora. Alfajiri ya mstari wa ishirini na moja akadandia lori la pamba mpaka Lagangabilili.

"Mwadila, mayu," Wilhelmina akamsalimu. Kisha akamwelekeza zizini. "Tangu kumekucha analia."

Mwekundu alipoisikia sauti aliyoizoea akasogea mpaka kwenye miti ya zizi. Ute mwangavu unaovutika ulining'inia chini ya mkia. Nyanjige hakuhitaji kuambiwa kwamba mbegu haikushika. Akampigia Ngeleja.

"Huenda ni safari, mayu, huenda siyo," Ngeleja akasema taratibu. "Wapo wanaolala kivulini siku zote na bado wanarudia. Usijibebeshe lawama."

Akakata simu, akasimama akimkuna ng'ombe paji, palepale kwenye baka. Wilhelmina akamletea kigoda. Hakukaa.

"Huku mna mhimilishaji?"

"Yupo mmoja pale madukani."

"Mwite leo, jioni ampandishe. Kisha mfunge kivulini. Maji asikose. Dume asimsogelee, wala asitembezwe juani." Akamgeukia Wilhelmina. "Na fimbo, mayu. Zifiche fimbo. Huyu ukimwita tu anakuja."

Wilhelmina akainama kidogo. "Akizaa nikuletee habari?"

"Niletee. Uniambie kama ni jike."

Alirudi Kimali jua likizama. Nyuma ya mlango ile mistari ishirini na moja ilikuwepo, hakuifuta. Asubuhi akaokota mkaa jikoni, akachora mwingine pembeni, siku ya kwanza, akaanza kumhesabia Wilhelmina ndama wake.