Jina la Kambo Lilivyokwenda Mutoshi

Bibi yangu, kambo kama tunavyosema Kolwezi, alikuwa wa watu wote, na mimi jambo hilo sikulipenda hata kidogo. Alifanya kazi ya ustawi wa jamii maisha yake yote, na hata alipostaafu aliendelea kupanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, kutoka kwetu Manika kwenda Mutoshi, kwa wanawake wanaoosha mawe ya shaba. Waliopigwa na waume, waliofukuzwa na wenye nyumba, wote walimwita mama sosiale. Yeye ndiye aliyenilea, lakini siku ya komunyo yangu ya kwanza nilikaa mezani na gauni langu jeupe nikimngoja, na alipofika sahani zilikuwa zimeshaoshwa. Alikuwa amempeleka mke wa mtu hospitalini. Nilimwombea huyo mke wa mtu mabaya ambayo mtoto aliyetoka kupokea komunyo hapaswi hata kuyajua.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Tangu nikiwa msichana, akinisuka nywele, alikuwa akisema: "Mutoto yako wa kwanza mwanamuke njo atabeba jina yangu." Katika ukoo wetu, jina la mkubwa aliye hai hutolewa mara moja tu. Mtoto anayelipokea huitwa majina yake, yaani wajina wake, na huhesabiwa kuwa ni yeye mwenyewe: hata wazee wenye mvi humwita kambo. Kwa hiyo niliolewa nikijua kwamba watu wa Mutoshi wanaweza kunichukulia vyote, lakini hicho hapana.

Nilipokuwa na mimba changa, mwanamke mmoja wa huko akaja na kitoto mgongoni.

"Mama, tulishamupatia jina yenu," alisema, meno yote nje.

Hakuwa amemuuliza mtu. Nilimtazama kambo nikingoja akatae. Yeye akampokea mtoto, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akazunguka naye uani akiimba. Kwetu, hapo jambo limekwisha.

Nilimfuata jikoni. "Na mutoto yangu?"

"Wewe unaniona kila siku," alijibu, akisonga bukari. "Ule ataniona wapi?"

Afadhali angenitukana. Nilinuna mpaka akauliza kama mimba ndiyo iliyonikata ulimi.

Alikufa kabla sijajifungua, kwa ugonjwa wa presha. Kwenye kilio uwanja ulijaa, na wanawake wa Mutoshi walilia kwa sauti kubwa kuliko sisi wa nyumbani. Niliwaonea wivu hata machozi. Kisha shangazi zangu wakaita: "Majina yake iko wapi? Mumulete apa mbele!" Mimi na tumbo langu tukasukumwa pembeni kupisha njia. Kitoto kile kikakalishwa kando ya jeneza, na shangazi zangu wakakishika miguu wakilia, "Kambo, unatuachia nani?" Chenyewe kilikuwa kinatafuna biskuti.

Nikazaa msichana, nikampa jina la mama mkwe. Mama mkwe alifurahi sana. Angalau mtu mmoja.

Mwanamke yule bado huja kututembelea Jumapili, na mtoto wake sasa anazungumza, anadai sukari, anagombana na binti yangu. Kwa desturi sina pa kukimbilia: mimi, mke wa mtu na mama wa mtoto, namwita kambo msichana asiyejua kujifunga viatu. Kwa muda mrefu nililitamka neno hilo nimeuma meno.

Jumapili iliyopita alishiba bukari na samaki, akapanda mapajani mwangu bila kuomba ruhusa, akalala mdomo wazi. Alikuwa mzito, ananuka jasho na moshi. Mama yake akainama kumchukua, maana mwenye taksi-moto alikuwa amefika mlangoni anapiga honi. Nikamshika mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mumuache," nikasema. "Ni kambo yangu."

Mama yake akacheka, akidhani ni utani. Akanyoosha mikono tena. Mimi sikucheka, wala sikumwachia.