Bangili za Jabali la Wapenzi

Sisi wanawake wa kijijini hatukupaita mahali pale Jabali la Wapenzi. Tulipaita majanini, basi, maana ndiko tulikokata majani ya ng'ombe mvua kubwa zikishakatika. Mundu kiunoni, kamba mgongoni, unajishikilia kwenye vichaka na bonde liko chini ya visigino vyako. Mwaka ule manyunyu yaliyochelewa yaliloanisha majani, na Dhanuli, binti mkubwa wa jirani yangu Bachuli, akateleza. Nilikuwa juu yake kidogo. Niliona kitambaa chake cha kichwa, kisha sikukiona tena.

Hapakuwa na mwanamume, wala barua, wala ahadi yoyote.

Lakini madereva wa stendi ya mjini walikuwa wakiuza safari ya vituo saba, na vituo walivyokuwa navyo ni sita: ziwa, hekalu, maporomoko, bustani ya wanyama, darubini ya kutazamia milima ya theluji, na pango ambalo halina kitu ila harufu ya popo. Cha saba wakamfanya Dhanuli. Lachham, dereva wa kijijini kwetu hapa hapa, akawa anawaambia wageni kwamba msichana huyu alijirusha na mpenzi wake kwa kuwa wazazi walikataa tabaka la kijana. Wageni wakashika vifua, wakapiga picha.

Bachuli, mjane, alikuwa na kibanda cha chai na mahindi ya kuchoma pale pale barabarani. Siku ya kwanza aliyoyasikia hayo alimfuata Lachham hadi mlangoni mwa gari.

"Mwanangu hakujirusha. Aliteleza. Wewe mwenyewe ulibeba machela yake mpaka mtoni alikochomwa moto."

"Najua, mama mdogo. Ila nani atasimamisha gari kwa ajili ya mkata majani? Na wasiposhuka, hayo mahindi utamuuzia nani, nyani?"

Bachuli akarudi kugeuza mahindi yake. Alikuwa na binti mwingine, Champa, wa kulisha na kuozesha, na mwenye njaa hana miiko. Baadaye wageni wakazua desturi ya kufunga bangili nyekundu kwenye kichaka cha pale ukingoni ili mapenzi yao yadumu. Wakauliza zinauzwa wapi. Nikapita siku moja nikazikuta zinaning'inia kibandani, kando ya biskuti.

"Shoga, unauza nini?" nikamuuliza.

"Bangili."

"Wanazifunga kwa jina la mwanao."

"Wanazifunga kichakani. Kichaka hakina uchungu."

Nilikasirika, nikamnunia mpaka sikukuu ya taa.

Mwaka uliofuata Champa akapata mchumba, karani wa huko tambarare. Nyota zao zilipatana, vijana wenyewe walipendana, likabaki jambo moja tu: mama wa kijana, Devki, aje na dada zake, amlishe binti peremende na kumvika pete. Siku hiyo Bachuli hakuuza; kibanda alikiacha wazi hivyo hivyo. Tulikaanga mikate tangu alfajiri, naye akawa anarudia neno moja tu: "Akiolewa huyu, hatakata majani tena."

Wageni wetu walikodi gari stesheni ya reli. Dereva alikuwa mgeni kazini, na dereva wa huku hapiti kituo bila kusimama hata umwambie unakwenda msibani. Akawashusha jabalini. Akawapa hadithi nzima, na kwa ukarimu akawaonyesha na kibanda cha mama wa marehemu.

Walipofika kwetu walikaa pembeni mwa mkeka. Chai haikuguswa.

"Dada," Devki akasema, "binti yako mkubwa alifariki vipi?"

"Aliteleza akikata majani."

"Dereva kasema mengine."

"Madereva waongo, dada. Wanatafuta riziki."

"Na zile bangili zinazoning'inia kibandani kwako, zinauzwa za nini?"

Bachuli akamsogezea sahani ya mikate. Nikaingilia mimi: nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Devki akanitazama kwa upole.

"Jirani mwema ni hazina," akasema, akainuka. Peremende zilirudi garini zilivyokuja.

Tangu hapo hajabisha hodi mchumba mwingine. Champa alichukua mundu wa dada yake. Nao madereva, wasiokosa la kuongeza, hadithi wameirefusha. Juzi nilikuwa kibandani Lachham aliposhusha wageni, akawaonyesha kwa kidole mteremkoni.

"Mnaiona ile nyekundu pale chini? Ndiye mdogo mtu. Aliapa hataolewa maisha yake yote, kwa uchungu wa dada yake."

Nilitaka kumtemea mate. Mwanamke mmoja kijana, machozi yanamlengalenga, akamgeukia Bachuli.

"Ni kweli, mama?"

Bachuli alikuwa akitazama kile kitambaa cha kichwa cha Champa majanini, kama anavyokitazama kutwa, asije akapepesa macho kikapotea. Hakugeuza uso. Mkono wake ulipapasa kamba ya bangili, ukashusha moja.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Funga na wewe."