Msoma mikataba aliyekipanga kilima upya Kibati

Saa mbili na nusu asubuhi Kahindo Charline anashuka kwenye pikipiki kando ya barabara ya Kibati, anavua viatu vyake vya ofisini, anavitia mfukoni na kuvaa mabuti ya mpira. Mawe ya volkano hayana heshima na kisigino cha mtu. Mwaka huu peke yake, anasema, yameshamharibia jozi tatu.

Kwapani amebana bahasha ya kaki. Ndani yake mna barua iliyotoka Ulaya jana mchana.

Habari za bahasha zimemtangulia. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani anamkata njia: "Mama Kahindo, banasema nini?" Kahindo anamsalimu, anamuulizia mgonjwa wake, na anapita. Mzee mmoja anajaribu kwa mzaha, anaambiwa apande juu akakae na wenzake.

"Nikiambia mutu mumoja hapa ku njia, kufika kule juu itakuwa imeshakuwa habari ingine kabisa," ananieleza huku tukipanda. "Barua inasomwa mbele ya bote, ao haisomwi."

Barua hiyo ndiyo itakayosema kama wakulima arobaini na watatu wa kahawa, waliokimbia vita kutoka kilima kimoja cha Rutshuru na sasa wako kambini hapa Kibati, kaskazini mwa Goma, bado wana mnunuzi au wamempoteza. Mnunuzi huyo waliungojea mkataba wake miaka kumi na mmoja. Bila yeye, hata siku bunduki zikinyamaza, watarudi kwenye mibuni isiyo na pa kupeleka buni zake.

Kahindo ana miaka thelathini na tisa na ameajiriwa katika ofisi ya kanda ya kampuni ya kimataifa ya mawakili wa biashara, mjini Goma. Kampuni yenyewe, kwa hadhari ya mawakili popote walipo, imeomba isitajwe jina. Inacho kijitabu cha karatasi ya kung'aa kinachotaja umahiri wake: madini, nishati, uchukuzi, kodi na forodha, usuluhishi wa migogoro ya biashara. Kuna na picha ya mawakili saba waliokunja mikono kifuani.

Yeye hayumo pichani. "Siku ya foto nilikuwa Kituku," anasema akicheka, akitaja ile bandari ya ziwani. "Nilikuwa nasomea benye mitumbwi kontra yao ya asiransi." Kontra ni mkataba, asiransi ni bima.

Na kusoma ndiyo kazi yake. Mikataba huandikwa kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha mawakili, ambacho hata Mfaransa hukisoma mara mbili. Kahindo huketi na wale watakaotia sahihi, akawasomea kifungu kwa kifungu kwa lugha yao. Kinande alizaliwa nacho kule Butembo. Kinyarwanda alikiokota sokoni Birere, hapa Goma, kwenye meza ya vitenge ya mama yake, ambako mteja asiyeelewa bei huondoka. Kwa kazi hiyo hulipwa dola mia tatu na ishirini kwa mwezi.

Ana sharti moja ambalo halivunji. Akimaliza kifungu, hufunga karatasi, humtazama mmoja wao na kusema: "Sasa weye niambie miye." Mtu huyo asipoweza kukirudia kifungu kwa maneno yake mwenyewe, hakuna kuendelea. Mkataba wa kurasa kumi unaweza kula siku mbili nzima.

Mawakili vijana walilalamika. Mkuu wa ofisi, Maître Julien Nshobole, anakumbuka alivyowajibu: "Kontra zenye Kahindo alisoma, hakuna hata moja ilifika ku tribunal. Miaka sita sasa. Nyinyi muko na diplome. Yeye iko na ile."

Mkataba wa kahawa ulisomwa hivyo hivyo, miaka mitatu iliyopita, juu ya kilima cha wale wakulima wenyewe. Lakini wiki ile Kahindo alilazwa na malaria, na aliyekwenda kusoma alikuwa mwenzake wa ofisini. Yeye alibaki kitandani akimpigia simu kila jioni kumhoji kama watu wamerudia kila kifungu.

Ndiyo maana alikikumbuka kifungu cha kumi na nne. Kinasema kwamba jambo kubwa lililo nje ya uwezo wa wakulima likiwazuia kuvuna, mkataba hauvunjiki, mradi kamati nzima imwandikie mnunuzi ndani ya siku sitini. Siku ya sitini na moja, mnunuzi ana haki ya kwenda zake.

Vita vilipopanda kilima, wakulima walibeba watoto, sufuria na magodoro. Hakuna aliyekimbia akihesabu siku. Ofisini nako simu za kampuni za madini zililia kutwa, na faili la kahawa lilikaa kabatini bila kuguswa. Nami sioni wa kumlaumu, maana kila mtu mjini siku zile alikuwa na moto wake wa kuzima.

Kisha asubuhi moja, Birere, Kahindo alimwona mwanamke akiuza makaa kwa mafungu. Alikuwa Nyiramahirwe, katibu wa ushirika wa wale wakulima wa kahawa, ambaye zamani alikuwa akija ofisini na mkoba na kalamu mbili. Walishikana mikono hapo hapo katikati ya makaa.

"Aliniuliza kwanza kama batoto bako bazima," anasimulia Nyiramahirwe. "Kisha akaniuliza tulikimbia tarehe gani. Nikamwambia. Akahesabu na vidole, akaacha hata kuniaga, akakamata moto akaenda." Moto, kwa watu wa Goma, ni ile pikipiki ya abiria.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Maître Nshobole aliandika barua siku ile ile, kurasa mbili safi. Ilisema wakulima wameondoka, kwamba mashamba hayako tena mikononi mwao, na kwamba wanaomba mkataba usimame mpaka watakaporudi. Ilihitaji sahihi saba za kamati. Kwa bahati watu wa kilima kimoja hukimbilia pamoja na kupiga mahema pamoja, hivyo wote saba walikuwa Kibati. Sita walitia sahihi kwa siku mbili.

Wa saba, mwenyekiti, alikataa.

Muzee Habarurema Josias ana miaka sabini na mmoja, na husema polepole hata akiwa na hasira. Anataka ieleweke kwamba hakukataa kwa ukaidi. Mwaka 1996, wakiwa wamekimbia vita vingine, kaka yake alitia kidole kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya kupokea unga. Waliporudi, nusu ya shamba la kaka yake ilikuwa na mwenyewe mpya, mwenye karatasi na mihuri, na kile kidole chini yake.

"Ndugu yangu nilimuzika mu bulongo ya kukodi," ananiambia, bulongo ikiwa ardhi. "Sasa mutoto huyu wa biro, wa ofisi, ananiletea karatasi inasema shamba haiko tena mu mikono yangu. Nitie kidole? Hapana. Kahawa ikufe, bulongo ibaki."

Kahindo anakiri kosa lake bila kuzunguka. Siku zilikuwa zinayoyoma, naye akamwambia mzee kwamba ni formalité tu, utaratibu wa karatasi, atie kidole waende. Mzee alisimama, akajipangusa magoti, akaingia hemani mwake.

"Niliongea kama biro," anasema. "Miaka yote nalazimisha batu banirudilie kifungu. Ile siku yeye ndiye alinirudilia, tena muzuri kuliko sisi bote, na miye sikutaka kusikia. Nilirudi nyumbani nikalia kabisa."

Mzee alikuwa ameielewa barua vizuri kuliko wakili wake. Katika Kivu, mkimbizi anayeandika kwamba hana tena shamba anampa mtu mwingine ushahidi. Wa Ulaya hawezi kulijua hilo. Wa Goma hana kisingizio.

Zilibaki siku kumi na moja. Kahindo akakumbuka jinsi mipaka inavyokaguliwa kwao Butembo: wazee hutembea ukingoni mwa shamba pamoja na majirani wa pande zote, na kila jirani husema kwa sauti kinachompakana. Kibati hapakuwa na ukingo wa kutembea, mawe meusi tu. Lakini majirani walikuwepo, wote.

Akapanda na daftari tatu na akamwomba Muzee Habarurema jambo moja: awakalishe watu wake chini kama mashamba yao yalivyokaa kilimani.

Mzee aliinuka. Kisha akaokota fimbo, akaweka jiwe akasema hapa ni kijito, na akaanza. Huyu juu, yule chini yake, wewe sogea, hapo unakaa katika shamba la mjane. Palipokuwa na shamba la mtu aliyekufa au aliyevukia Uganda, aliacha nafasi tupu na hakumruhusu mtu kuikalia. Hadi saa sita mchana, familia arobaini na tatu zilikuwa zimeketi juu ya lava zikiwa kilima kizima, tangu kijito mpaka msitu.

Kahindo alipita kati yao akiandika. Kila mmoja alitaja alichopakana nacho, na jirani wa kulia na wa kushoto waliitikia au walipinga: mstari wa miyenzi, ile miti ya ua yenye utomvu mweupe, jiwe lenye mfano wa ng'ombe aliyelala, njia ya kwenda kanisani. Wanaume wawili waligombana juu ya mparachichi mmoja kiasi cha kutaka kushikana mashati. Ugomvi huo una umri wa miaka ishirini na sita. Kahindo aliandika: "Mparachichi: bado unabishaniwa." Wote wawili wakaridhika.

"Batu balikuwa banacheka," anasema Nyiramahirwe. "Tangu tukimbie sikuwa nasikia ile kicheko. Ilikuwa kama tuko kwetu, tunangojea tu mvua."

Jioni Maître Nshobole alipokea kurasa kumi na tisa badala ya mbili. "Nilimwambia: Kahindo, munene wa kahawa, yule mununuzi kule Ulaya, anataka kujua kama itafika ao haifike. Mambo ya mparachichi atafanya nayo nini?" Kahindo akamjibu azisome kwanza. Wakili alizisoma, akarudi kwenye barua yake, akafuta sentensi ya mikono na kuandika upya: wakulima hawa wamefukuzwa na vita, mashamba ni yao, na mipaka yake ndiyo hii.

Kahindo aliipandisha Kibati na kuisoma mbele ya wote. Muzee Habarurema alirudia kifungu kimoja baada ya kingine, kurasa zote kumi na tisa, kisha akatia kidole. Ilikuwa siku ya hamsini na nane.

Majibu yake ndiyo yaliyo kwenye bahasha ya leo.

Tunapofika juu, wameshaketi. Hakuna aliyewaambia wakae vile, lakini wamekaa tena kwa mpango wa mashamba, na zile nafasi tupu zimeachwa. Kahindo anaketi juu ya bidoni, dumu la maji, anafungua karatasi, na anaanza kwa Kinyarwanda, kisha Kiswahili. Uso wake hausemi lolote. Nikiri kwamba mimi mwenyewe nimeshaanza kuhesabu mistari iliyobaki, na sina hata mti mmoja wa kahawa.

Barua ni fupi. Mnunuzi ameipeleka orodha ya mipaka kwa mawakili wake, na mawakili wameona kwamba wakulima wapo, wanajulikana kwa majina, na mashamba yana wenyewe. Mkataba umesimama, haukuvunjika. Msimu wa kwanza baada ya kurudi, utaendelea kwa bei ile ile.

Kahindo anafunga karatasi. Anamgeukia mwenyekiti. "Sasa weye niambie miye, muzee."

Mzee anawageukia watu wake. "Banasema batatungojea," anajibu. "Na banasema shamba ni yetu. Hata bale benye habajafika kule banajua ni yetu."

Nyuma yake wanawake wanapiga vigelegele. Wale wawili wa mparachichi wanashikana mikono, ingawa hakuna anayekubali kuuacha.

Hii haimaanishi kwamba mambo yamekwisha. Hakuna aliyerudi kilimani, na wiki hii mabomu yamesikika tena upande wa kaskazini. Watoto wanalala juu ya mawe. Karatasi haimfukuzi mwenye bunduki, na Kahindo ndiye wa kwanza kulisema.

Hata hivyo ofisi imemruhusu kutumia Ijumaa zake zote hapa. Watu wa vilima vinne wameshaketi kwa mtindo ule, na mashamba mia moja na sitini na nane yako kwenye madaftari, nakala moja ofisini na nyingine kwa kila kamati. Jumamosi anasoma sheria chuoni. Akimaliza mwakani anataka kula kiapo awe mtetezi mbele ya mahakama, na kesi anazozitaka ni za mipaka.

Ninapomuuliza anatamani nini zaidi ya kiapo, anatazama kaskazini, ambako leo kuna ukungu. Mtu huyu aliyeandika kilima kile ua kwa ua hajawahi kukikanyaga.

"Siku batarudi, niko na fasi yangu mu lori, muzee ameshaniahidi," anasema. "Nitashuka ku kijito. Nitapanda na njia ya kanisa, nitapita jiwe ya ng'ombe, nitahesabu mistari mitatu ya miyenzi. Na yeye anyamaze kabisa, asinisaidie. Miye ndiye nitamufikisha kwake."