Salamu ya Mama Ilipewa Mwenye Mabati

Nikisikia ule wimbo naziba masikio, na kama ni boda boda ameuweka kwa spika, namwambia ashushe sauti au nishuke mimi. Najua wengi wanaupenda. Umechezwa kwa harusi, umechezwa kwa kampeni, na watoto wa nasari hapa mjini Tulia wanaucheza wakitoka shule. Hata mwenzangu tunayeshona naye ameuweka kwa simu yake, akipigiwa ndio inaita. Nimemwambia autoe. Anacheka tu, eti nina wivu na bendi. Wivu! Mimi?

Ile solo ya gitaa inayoanza kabla ya mtu yeyote kuimba ni vidole vya ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu. Aliipigia bendi ile tangu atoke shule, na hakuna soko Ukambani lisiloijua, kwa hivyo sina haja ya kuitaja na wala sitaki kuitaja. Wiki ile ile aliyorekodi huo wimbo, trela lilimgonga akivuka barabara kuu pale Malili. Tulimzika nyumbani Kalamba, wimbo haujatoka bado.

Sasa sikiliza. Siku ya kurekodi alimpigia mama simu kutoka studio. Mama ni mtu wa kanisa, wa kuokoka kabisa, na benga kwake ilikuwa muziki wa baa. Kwa miaka mingi gitaa la yule kijana lililala kwa jirani kwa sababu mama hakulitaka ndani ya nyumba yake. Lakini kijana mwenyewe alilala kwake, na walipendana wakigombana. "Mwaitu," akamwambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "leo nimekusalimia ndani ya wimbo." Mama akamuuliza amemsalimia akisema nini. Akacheka. "Ngoja utoke, utasikia mwenyewe."

Kama hujui nyimbo zetu, nikueleze. Katikati ya wimbo gitaa hushuka, uimbaji unasimama, na mwanamuziki anaongea tu, anasalimia watu wake: rafiki, shemeji, mwenye duka aliyemkopesha nauli. Ukitajwa hapo umetajwa Kitui nzima na Makueni nzima. Watu hununua nafasi hiyo, na wako radhi kuuza ng'ombe waipate. Ndugu yangu hakuwahi kupewa kuongea. Kazi yake ilikuwa kupiga na kunyamaza. Siku hiyo moja walimwachia maikrofoni, na yeye akampa mama.

Wimbo ulipotoka, nilisafiri hadi Kalamba nisikilize na mama. Stesheni ilikuwa imeutangaza wiki nzima, leo ndio leo, kaa karibu na redio yako. Mama alinunua betri mpya na akafunga mlango, wamama wa kanisa wasije wakamkuta anangoja benga. Ile solo ilipoanza alishika mdomo. Mimi nililia, sikuona haya. Gitaa likashuka. Mama akainama hadi sikio likagusa redio. Kisha tukasikia sauti ya kiongozi wa bendi ikimsalimia mfanyabiashara mmoja wa Malili, baba wa mabati, baba wa misumari, mwenye saruji isiyoganda kabla ya wakati. Gitaa likapanda tena, wimbo ukaisha.

"Hii redio imeruka," mama akasema.

Woi, mama yangu! Haikuwa imeruka. Lakini aliendelea hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Alijaribu stesheni nyingine, akidhani labda wao wana wimbo mzima. Alienda kusikiliza kwa jirani mwenye redio kubwa. Hata alimsimamisha kijana wa boda boda njiani na kumwomba aurudishe nyuma, mama mzima wa kanisa, kitambaa kichwani, amesimama kwenye jua anasubiri kusalimiwa. Kila mara anapewa mabati.

Nilimpigia kiongozi wa bendi. Nilikuwa nimejipanga kuongea na adabu, Mungu ni shahidi wangu.

"Dada, pole," akasema. "Unajua mambo ya promo. Mdhamini ndiye ametoa lori na tisheti. Alitaka kwenye salamu awe peke yake."

"Sawa. Hicho kipande cha ndugu yangu nitumie mimi, nimsikilizishe mama."

"Hakipo. Tulirekodi juu yake."

Juu yake! Mtu amekufa, sauti yake imebaki mahali pamoja tu duniani, na wewe unaweka misumari juu yake? Nilimpa vipande vyake siku hiyo. Nilimwambia maneno ambayo mama hajui kwamba nayajua. Akakata simu, na tangu hapo nambari yangu haimwingii tena.

Basi nikamwambia mama ukweli, kwamba wamefuta. Nilidhani atalia. Alipepeta mbaazi zake hadi zikaisha, kisha akasema, "Lakini wao walikuwepo. Masikio yao hayakufutwa."

Lori la promo lilifika Kalamba siku ya soko. Nililiona nikataka kurusha mawe. Ubavuni walikuwa wamebandika picha ya ndugu yangu, kubwa kuliko mlango wa nyumba, imeandikwa PUMZIKA SHUJAA, na chini yake nambari ya simu ya kuagiza mabati. Hata turubai la kukinga watu jua siku ya mazishi hawakuleta, tuliazima kanisani. Leo ni shujaa!

Mama alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili. Watu wakampisha hadi mbele. Kiongozi alipomwona aliruka chini, akamkumbatia, simu zote zikainuliwa kupiga picha, naye akanguruma kwenye maikrofoni, "Huyu ndiye mama wa shujaa wetu!" Akamwekea tisheti ya mabati begani.

Mama aliongea polepole. "Mwanangu alinisalimia akisema nini?"

Yule mtu hakubabaika hata kidogo. "Alisema, 'Mama mpendwa, Mungu akubariki, akuzidishie miaka!'" Umati ukapiga makofi na firimbi.

Mama alitikisa kichwa. Alikunja ile tisheti vizuri, akamrudishia. "Huyo si wangu. Wangu hajaniita mama mpendwa hata siku moja."

Hapo nikawaka. Nilimshika shati, nikamwita mwongo, nikamwita mwizi wa maiti, nikamwambia hata huruma ya kukumbuka amekosa, na mbele ya kaburi ambalo halijaota nyasi anatunga. Watu walianza kutushika. Lakini aliyenivuta mkono kwa nguvu ni mama.

"Nyamaza," akaniambia. "Bado sijajibiwa."

Akampita kiongozi, akaenda ubavuni mwa lori na kuwauliza wengine mmoja mmoja. Mpiga besi aliangalia viatu vyake. Wa gitaa la ridhimu alisema siku hiyo alichelewa studio, na labda ni kweli. Kisha mpiga ngoma, mtu mnene, mkimya, akaweka vijiti chini na kushuka, jasho linamtoka.

"Mwaitu, tusamehe," akasema. "Tulimcheka. Tulimwambia hiyo si salamu, mtu anasalimia kwa sifa. Hakukusifu."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwaitu, umekula? Usiningoje. Kula, ulale.'"

Nilijua papo hapo kwamba huyu hatungi. Bendi ikiwa mbali, mama hakuwa akigusa sahani yake hadi kijana arudi. Alimkasirikia kwa sababu ya gitaa lake, alimnunia, na bado alikaa na njaa akimngoja mlangoni. Wamefuta hayo! Maneno ambayo hata mtoto angejua ni ya mama, wakaona yanafaa kutupwa kwa sababu hayana sifa wala mdhamini. Hadi leo nikiwaza hivyo uzi haupiti kwenye tundu la sindano.

Mama alimshika yule mpiga ngoma mkono. "Rudia," akamwambia.

Akarudia.

"Tena."

Akarudia tena, na juu ya lori kiongozi wake alikuwa akimwita kwenye maikrofoni apande haraka, wimbo unaanza, mwenye mabati amefika.