Garaji Isiyong'aa

«Mama Régine, motokari yenu itafika siku gani?»

Ndivyo Mama Victorine alivyouliza asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa 1976, kichwa kikiwa juu ya ua wa majani uliotenga nyumba zao mbili kule Makomeno, mtaa wa Lubumbashi. Siku ya tatu hiyo alikuwa anamwona jirani yake amepiga magoti ndani ya garaji, anasugua simenti kwa burashi na maji ya sabuni. Na barabara nzima ilijua kwamba nyumba ile haikuwa hata na baiskeli.

«Iko njiani, mama,» Mama Régine akajibu bila kuinuka. «Ilikufwa ku Kambove, banaisukuma na mikono.»

«Banaisukuma tangu lini?»

«Tangu mwaka ya jana.»

«Kumbe! Ukiona banafika, uniite nibapatie mayi ya kunywa.»

Wakacheka wote wawili. Kisha Mama Victorine akaenda zake sokoni, na Mama Régine akarudi kwa doa lake la mafuta. Motokari haikuwako wala haikutazamiwa. Garaji ile alikuwa anamtengenezea bwana yake.

Bwana yake alikuwa Mumba Stanislas. Kazini walimwita citoyen Mumba tu, yaani raia Mumba, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Nyumbani, na mbele ya Mungu, alibaki Stanislas. Kwa miaka mingi alikuwa mkubwa wa karakana ya mashine huko Kambove, mpaka siku mnyororo ulipokatika na chuma kikamwangukia goti. Alipotoka hospitali walimpa kazi ya kukaa, kupokea simu katika ofisi ya Lubumbashi, na nyumba hii ya Makomeno ambamo mwanzoni alikaa injinia mwenye gari. Injinia aliondoka na gari lake, akaacha madoa ya mafuta.

Goti liliunga. Stanislas alitembea na fimbo yenye mpira chini. Lakini katika mwaka wa kwanza alianguka mara mbili katika chumba cha wageni, na mara ya pili ilikuwa mbele ya watu wa shirika. Shirika ni wale wakristu wa barabara moja, wanaokutana kila siku ya Yenga, ndiyo Jumapili, baada ya misa, leo kwa huyu, juma lijalo kwa mwingine, wasome Neno na kuombeana. Walimwinua kwa upole, hakuna aliyecheka. Yeye hata hivyo hakutoka tena mbele ya watu. Gari la kazi lilimchukua asubuhi kwenye mlango wa jiko na kumrudisha hapo hapo. Shirika likija, alisali peke yake chumbani, mlango umefungwa, na Mama Régine aliisikia sauti yake ikiitika «Amina» nyuma ya ubao. Sauti ile ilimkata moyo kuliko kama angenyamaza.

Zamu yao ilikuwa inarudi baada ya juma tatu. Mama Régine akawaza: chumba cha wageni ndicho kinachomkumbusha aibu. Garaji ina mlango wa kutokea jikoni, haina ngazi hata moja. Nikiisafisha, nikiitengeneza vizuri, pengine atatoka.

Basi akaitengeneza jinsi alivyofundishwa na mama yake na wanawake wote wa kambi ya wafanyakazi. Katika kambi zile simenti ya mwanamke ndiyo ilikuwa sifa yake. Mgeni akiingia, aliangalia chini kwanza kabla ya kusalimia. Chini ilipakwa siraji, ile nta nyekundu, ikasuguliwa mpaka ioneshe uso wa mtu. Mwaka ule madukani siraji haikupatikana, lakini Mama Régine hakushindwa na hilo. Sakristani wa kanisa alimwekea vipande vya mishumaa iliyokwisha. Akaviyeyusha juu ya mbabula, lile jiko la makaa, akaondoa chungu motoni na kukipeleka mbali, ndipo akamwagia petroli ya taa na unga mwekundu wa kutia simenti rangi. Akapaka garaji yote. Ilipokauka, akakanyaga kipande cha blanketi kuukuu kwa miguu miwili, akasugua kwa kucheza, huku na huku, akiimba wimbo wa Bikira Maria, jasho likimtoka ingawa ulikuwa wakati wa baridi.

Ilipendeza. Mwanga wa mlangoni ulilala chini kama maji. Akamwita bwana yake kwa jina la binti yao.

«Kuya uone, tata Bijou.»

Stanislas akaja polepole kupitia jikoni, mkono mmoja ukutani. Akafika kwenye kizingiti, akasimama, akatazama. Kisha akashusha fimbo. Mpira wa fimbo uligusa ile nyekundu na kukimbia mbele, fyu, peke yake. Akashika mlango kwa mikono miwili. Fimbo ikaenda ikagonga ukuta wa upande mwingine.

Hakuanguka. Walitazamana.

«Ni mguu?» Mama Régine akauliza.

«Mguu ilipona zamani, Régine.»

Hakusema kwa hasira. Lakini mama yule alisimama pale na kitambaa mkononi, na mwaka mzima ukampitia kichwani. Jinsi alivyoomba kwa ajili ya goti, akawasha mishumaa kwa ajili ya goti. Na kila Jumamosi kabla ya zamu yao ya shirika, alisugua nta ya chumba cha wageni ing'ae zaidi ili bwana yake asione haya mbele ya wageni.

«Juu ya nini haukuniambia?»

«Ulikuwa nafurahi na simenti yako,» akasema Stanislas. «Tangu tuoane, njo kintu moja watu banakusifia. Miye nikuambie uiache?»

Mama Régine akaenda kuokota fimbo. Akamrudishia, akamshika mkono mpaka kitini jikoni. Kisha akarudi garajini, akakaa chini juu ya nta yake, akalia kidogo. Hakukawia. Zilibaki siku kumi na tatu kabla ya zamu yao.

Kesho yake alichemsha maji, akatia ile soda ya kutengenezea sabuni, akafunga mikono katika mifuko ya nailoni na kuanza kuondoa alichopaka. Kupaka kulimchukua siku moja, kuondoa kulimchukua nne. Alikwangua kwa kisu kibovu cha jikoni, kiganja kwa kiganja. Mama Victorine alipita, akatazama, na safari hii hakutaka mzaha.

«Mama, unapaka, unatoa? Uko na malaria?»

«Hapana, mama. Nilikosea.»

Siku ya tatu ya kukwangua, Stanislas aliporudi kutoka kazini alivuta kiti chake mpaka kizingitini. Akaangalia muda mrefu.

«Uko naona imetoka?»

«Imetoka,» akasema Mama Régine.

«Mwaga mayi.»

Akamwaga kikombe. Maji yakajikunja matonematone, yakakaa juu kama juu ya jani la muhogo.

«Nta ingali mule,» akasema Stanislas. «Siku simenti itakunywa mayi, njo iko tayari. Ku Kambove tulikuwa na simenti ya kuangusha kuliko hii, mafuta kila pahali, na bantu banabeba chuma. Hakuna mwenye alianguka.»

«Mulifanya namna gani?»

Basi akamwambia. Na alivyokuwa anaeleza, Mama Régine aliona mgongo wake unanyooka kitini, sauti inarudi ile ya kuamuru watu thelathini. Mafuta ya lini, yale ya mbegu za kitani ambayo maseremala wanapaka mbao. Yapashwe moto, chupa ndani ya maji ya moto, si juu ya makaa. Yachanganywe na petroli ya taa ili simenti iyanywe mpaka ndani. Yapakwe mara ya kwanza, na kinachobaki juu kipanguswe. Yakauke siku mbili. Mara ya pili, na kabla hayajakauka, mchanga mwembamba, mkavu, juu yake.

«Mchanga!» Mama Régine akashangaa. «Miezi yote niko natoa mchanga mu nyumba, sasa niiweke miye mwenyewe?»

«Weye mwenyewe. Na uuchunge na chekeche ya unga.»

«Ya unga ya bukari?»

«Ya bukari.»

Mama Régine akatazama juu kana kwamba anaomba ushuhuda. Lakini chekeche ya unga wa ugali aliitoa.

Siku ya nne ya kukwangua simenti ilikunywa maji. Edouard, seremala wa Katuba, akatoa mafuta. Mama Régine akapaka, Stanislas akasimamia kutoka kitini: hapa umeruka, pale umezidisha, vitambaa usivikunje, vitundike inje, vikikunjwa bitawaka vyenyewe. Mara ya pili alisema apewe chekeche. Akasogeza kiti, akakaa katikati ya mlango, akaanza kutikisa mchanga mbele yake taratibu, kama mtu anayelisha kuku. Pale mkono wake haukufika, bibi yake aliendeleza. Ilipokauka walifagia uliozidi. Simenti ilibaki nyeusi kidogo, rangi ya ardhi iliyonyeshewa, haitoi vumbi wala kunywa tena mafuta. Na haikung'aa hata kidogo.

Siku ya Yenga watu wa shirika wakaingia, wakaketi juu ya mabenchi. Kila mama aliangalia chini kwanza. Mama Régine aliona macho yao, akaona haya, akayaacha yapite. Alisikiliza mlango wa jiko tu.

Ulifunguka. Stanislas alikuwa amevaa shati jeupe. Akashusha fimbo juu ya kizingiti, ikashika. Hatua moja. Fimbo, ikashika. Ya pili. Hakuna aliyeinuka kumsaidia, kwa kuwa Mama Régine alikuwa ameinua kiganja. Hatua kumi na moja mpaka bencini.

Ni Mama Victorine aliyesema kwanza.

«Kumbe njo ile motokari!»

Stanislas akaketi, akaweka fimbo kati ya magoti.

«Njo yenyewe, mama,» akasema. «Zamani breki haikushika. Sasa inashika.»

Garaji nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Kisha akaombwa asome Neno, akasoma.

Tangu hapo shirika lilipenda kukutana mule. Miaka kumi na miwili ilipita. Mama Régine alipaka mafuta na mchanga tena kila wakati wa jua, na siraji hakuinunua tena, hata iliporudi madukani. Mwaka wa 1988 moyo wake ulianza kuchoka. Bijou, binti yake, alifika kutoka Kambove kumtunza, na alipoona wageni wanazidi kuja kumwangalia mama yake, alinunua makopo mawili ya siraji nyekundu ili garaji ifanane na nyumba ya watu. Mama Régine alisikia harufu yake kutoka kitandani. Akamwita, akamwambia akae.

«Bijou, funika ile makopo. Siku Mungu ataniita, muniweke mu garaji, bantu baniombee mule. Lakini musipake siraji. Baba yako angali anatembea.»