Gomesi iliyorudi na alama za magoti: yaliyonikuta na wateja wa "haijanitosha" hapa Kampala

Wakuu, habari za huko.

Nawaandikia kutoka Nsambya, Kampala. Hii siyo chai, ni kweli tupu. Mhusika mkuu yuko mbele yangu anashona, na kila nikicheka anauliza naandika nini.

Kwa wasionijua: shule niliacha kidato cha pili, na tangu hapo sijatulia mji mmoja. Nimepakia samaki Mwanza, nimeuza kava za simu Kisumu. Nikiona basi la mahali nisipopajua, nataka kujua huko wanakula nini. Ndivyo nilivyofika huku, nikapanga chumba kwa Mama Akello.

Mama Akello ni mjane wa askari polisi, mtu wa Lira, kaskazini. Kiswahili chake ni cha kambini, hakina kuzunguka. Anashona gomesi, lile gauni refu linalong'aa, mabega yamechongoka, mshipi mpana kiunoni. Wanawake wa huku hulivaa kwenye sherehe, hasa kwanjula, siku binti anapomtambulisha mchumba wake kwa wazazi.

Siku za mwanzo nilimuuliza, "Mama, wewe mtu wa Lira, mbona unashona vazi la Waganda?"

"Na wewe Msukuma utauza. Nani mbaya hapo?"

Kweli nikauza. Nilimfungulia page, nikapiga picha vizuri, halafu nikaandika kwa mbwembwe: isipokutosha rudisha, hela yako unapewa.

Sentensi hiyo ndiyo ilituponza.

Kwanjula nyingi ni mwisho wa wiki. Basi gomesi ikawa inaondoka Alhamisi, inarudi Jumatatu. "Imenibana." "Rangi siyo ile ya kwenye picha." Moja ilirudi inanukia luwombo, yule kuku wa kupikwa ndani ya majani ya mgomba. Mama Akello alininusisha.

"Sikia. Hii nguo imekula kuliko sisi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kijana, ingine ikirudi hivi, hiyo duka ya simu unafunga. Mimi narudi kupeleka sokoni."

Wakuu, hapo moyo ulishtuka. Page ndiyo ilikuwa kazi yangu pekee mjini hapa. Ikifungwa, nabeba begi tena. Na kwa mara ya kwanza sikutaka kubeba begi. Nilishazoea kelele za ile cherehani, na kugombezwa kwamba sili vya kutosha.

Nikaenda kufuta ile ahadi kwenye page, lakini nilikuwa nimechelewa. Gomesi ya zambarau, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona, ilikuwa imeshakwenda kwa dada mmoja wa Kibuli. Tumwite Prossy.

Jumatatu ujumbe huo: "Imenibana mabega. Sijaivaa hata kidogo. Nataka hela yangu, la sivyo nawaanika kwenye magrupu yote ya akina mama."

Nikamjibu aje nayo mwenyewe, tuikague pamoja.

Akaja kwa boda. Wakati anamlipa dereva, mimi nikaipokea gomesi, nikaikunjua. Mabegani safi. Kwapani safi. Lakini mbele, usawa wa magoti, kulikuwa na madoa mawili yamepauka, na michirizi ya mkeka imejichora kwenye kitambaa.

Kwa msiojua: huku mwanamke akisalimia wakubwa, anapiga magoti. Na kwenye kwanjula wanawake wanakaa mikekani na kupiga magoti mchana kutwa. Hakuna anayejaribu gauni chumbani kwake akapata magoti ya namna ile.

Damu ikachemka. Nikashika simu nimpige picha yeye na gomesi yake, nimwanike kabla hajatuanika. Mama Akello akanigusa mkono. "Weka hiyo simu."

Prossy akaingia, akapiga magoti, akamsalimia kwa heshima zote. Wakasalimiana ile salamu ndefu ya Kiganda. Halafu Mama, kwa sauti ya shangazi kabisa, akamuuliza:

"Ulipendeza, mwanangu?"

"Nnyo, maama!" Yaani, sana mama.

Lilimtoka lenyewe. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama Akello akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika cherehani asianguke. Prossy naye akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema ilikuwa kwanjula ya dada yake, ndugu wote walikubaliana zambarau, na yeye hakutaka kuwa peke yake aliyevaa tofauti.

"Na za kukodi?" nikamuuliza. Mimi kuuliza siwezi kuacha.

"Zipo mjini, lakini zimechoka. Zinaonekana tu kwamba si zako."

Mama akanitazama. Nikamtazama. Tukamkata sehemu ya hela yake kama ada ya kukodi, iliyobaki tukamrudishia. Ile ya zambarau ikafuliwa, ikawa gomesi yetu ya kwanza ya kukodisha. Mteja wa pili kuikodi aliletwa na Prossy huyo huyo.

Sasa wenzangu mnaouza mtandaoni, mimi nimeelewa hivi. Wengi wanaorudisha siyo wezi wa kuzaliwa, walihitaji kitu kwa siku moja tu. Wape njia ya wazi ya siku moja.

Kwa anayenunua kabisa, siyo kukodi, Mama anaushona mshipi ulivyokunjwa, kwa uzi mwekundu. Huwezi kuvaa bila kuukata uzi huo. Kujaribu mabega ruksa, uzi ukikatwa ni yako. Narekodi video wakati wa kufunga mzigo, mteja anatumiwa. Na refund haitoki kabla mzigo haujakunjuliwa mbele yetu, hata mteja alie vipi. Ila screenshot za kuwaanika watu, achana nazo. Ningemwanika Prossy, leo tungekuwa sokoni.

Juzi nilinunua kitanda. Changu mwenyewe, maishani mara ya kwanza. Mama Akello akasimama mlangoni anakiangalia.

"Kumbe unakaa."

Nikamwambia, "Kama hujachoka na mimi."

"Ulikuja bila risiti, bila hata begi ya maana. Ningekurudisha wapi?"

Nyie wenzangu wa biashara, kwenu wanarudisha kwa visingizio gani, na mnafanyaje? Mwageni hapa chini, nitamsomea Mama.